Bwana shamba wa Njombe katika nchi ya viazi: siku kumi na moja za safari ya Ayalandi

Nimesharudi nyumbani. Niko jikoni karibu na moto, daftari langu la safari limelowa pembe moja, na simu ina picha mia nne na kitu, nusu yake nilipiga kidole changu mwenyewe. Nilistaafu kazi ya ubwana shamba miaka sita iliyopita. Binti yangu wa pili ni muuguzi Dublin, na kila akipiga simu wimbo ni ule ule: "Baba, njoo uone." Nikaenda kumwona mtoto. Lakini mtoto ana shifti za saa kumi na mbili, hivyo mchana nilikuwa na kadi ya basi, mwavuli, na makumbusho ya watu. Haya ndiyo niliyoyaandika, nikiongeza pale mwandiko uliposhindwa kusomeka.

Jumatano 2 Oktoba 2024: Njombe hadi Dar

Basi liliondoka saa 11 alfajiri. Kitonga lori la mbao lilikuwa limezima kwenye kona, tukakaa saa mbili. Ruaha Mbuyuni abiria walinunua vitunguu kana kwamba Dar hakuna. Stendi ya Mbezi tulifika usiku, miguu imekufa ganzi.

Neno kwa atakayefuata: Ayalandi haimo kwenye viza ya Schengen, wala viza ya Uingereza haikuingizi. Ina ya kwake. Fomu nilijaza kwenye intaneti, kisha nyaraka nikazipeleka ubalozi wao Dar. Ada ya kuingia mara moja ni euro 60. Siku zile euro moja ilikuwa karibu shilingi 3,000. Tuma maombi mapema, usikate tiketi ya ndege kabla ya jibu. Na ukiwa kule, kumbuka kwamba Belfast iko upande wa Uingereza. Barabarani hakuna kizuizi wala askari wa kukusimamisha, lakini viza yako inaishia mpakani. Mimi sikuvuka.

Ijumaa 4 Oktoba: Dublin

Ndege kupitia Doha. Afisa wa uhamiaji aliniuliza nimekuja kufanya nini, nikamwambia kumwona binti na kuangalia vitu vya kale. Akagonga muhuri. Binti alinisubiri na koti la mvua mkononi, tukapanda basi la kawaida la mjini: kwa kadi yao ya usafiri nauli ni euro 2, na ndani ya dakika 90 unabadilisha mabasi bila kukatwa tena. Wanaokwenda na teksi, pesa zao.

Hewa ilinishangaza kwa kutonishangaza. Manyunyu, baridi, ukungu, nyasi za kijani iliyokolea. Ilikuwa Njombe ya mwezi Juni, ila barabara ni nzuri.

Jumamosi 5 Oktoba: Watu wa kwenye mboji

Makumbusho ya Taifa, tawi la akiolojia, yako mtaa wa Kildare, katika jengo lililofunguliwa 1890. Kuingia ni bure. Nilirudi mlangoni kuuliza mara ya pili kama kweli ni bure, mlinzi akacheka.

Dhahabu ni nyingi mno, unaizoea. Kilichonisimamisha ni kikombe cha Ardagh, cha fedha na dhahabu, cha karne ya 8, kimenakshiwa kwa nyuzi nyembamba kama unywele. Kilipatikana 1868 huko Limerick na vijana wawili waliokuwa wanachimba viazi. Nilisoma kibao hicho mara tatu. Miaka thelathini na nne nimefukua viazi na wakulima, tulichokipata ni majembe yaliyovunjika.

Kisha nikaingia chumba cha watu waliopatikana kwenye mboji. Sisi tunaolima vinyungu tunaijua ile ardhi nyeusi ya bondeni, yenye maji na tindikali, ambamo majani hayaozi sawasawa. Kwao mabonde hayo ni makubwa kama wilaya, mboji ina kina cha mita kadhaa, na wameichimba kwa karne nyingi kuwa kuni. Mwaka 2003 mitambo ilifukua wawili. Mmoja, wa Clonycavan, nywele zake bado zimesimama, alizipaka utomvu wa misonobari uliotoka Ufaransa au Hispania. Mwingine, wa Old Croghan, amebaki kiwiliwili na mikono, na kucha zake zimetunzwa vizuri kuliko zangu: hakuwa mtu wa jembe. Wote wawili waliuawa, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na wataalamu wa pale wanaona waliuawa kama kafara ya wafalme, pengine mavuno yaliposhindikana.

Kabati la jirani lina siagi. Siagi! Waliifukia kwenye mboji iwe kama jokofu, wengine hawakurudi kuichukua.

Chakula: hoteli moja ndogo karibu na hapo walinipa sahani yenye viazi vya kuponda, viazi vya kuoka na chipsi, vyote pamoja, na kipande cha nyama pembeni kama shahidi. Euro 17. Nilimwonyesha binti picha, akasema nisimtumie mama.

Jumapili ilikuwa misa na usingizi.

Jumatatu 7 Oktoba: Jela ya Kilmainham

Hapa sikilizeni vizuri. Jela hii huwezi kuingia bila kiongozi, na tiketi zinafunguliwa kwenye intaneti siku 28 kabla. Sisi tulikuta zimekwisha mpaka mwisho wa mwezi. Mwuguzi mwenzake akamwambia binti siri: tiketi zilizorudishwa huachiwa asubuhi hiyo hiyo, kuanzia saa 3:15. Basi saa 3:10 tulikuwa mezani na simu mbili, chai inapoa. Ya kwangu iliganda. Ya binti ikapata moja, euro 6, bei ya wazee. Mara ya kwanza uzee umenilipa.

Jela ilifunguliwa 1796. Korido za zamani ni nyembamba na giza, na madirisha hayakuwa na vioo, upepo ulikuwa sehemu ya adhabu. Kiongozi wetu, dada mmoja mwenye sauti ya chini, alisema wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840 watu waliiba ili wafungwe, maana ndani kulikuwa na mlo. Watoto nao walifungwa. Hakusema zaidi ya hapo, akatuacha tusimame kidogo.

Mei 1916, baada ya uasi wa Pasaka dhidi ya Waingereza kushindwa, viongozi 14 walipigwa risasi katika ua wa kuvunjia mawe. Joseph Plunkett alifunga ndoa na Grace Gifford katika kanisa dogo la jela saa chache kabla ya kupigwa risasi. James Connolly aliletwa na jeraha, hawezi kusimama, wakamfunga kwenye kiti. Uani kuna misalaba miwili: mmoja upande walikopigwa wenzake, mwingine upande wa pili, alipopigwa yeye. Nilikumbuka wazee wetu wa Maji Maji walionyongwa Songea Februari 1906, na lile kaburi la pamoja. Miaka kumi tu kati ya haya na yale.

Lakini lililonikaa kichwani ni jambo dogo. Jela ilifungwa 1924, ikaachwa, miti ikaota ndani, mapaa yakaanguka. Serikali mpya ya Ayalandi iliyojitawala haikuwa na haraka nayo. Mwaka 1960 watu wa kawaida, mafundi na vibarua, walianza kuja wikiendi kwa kujitolea, na sululu zao, wakang'oa miti na kurudisha mapaa. Ninayajua maboma mawili ya Wajerumani mkoani kwetu yanayosubiri mtu wa namna hiyo. Nimeandika hapa ili nisijifanye nimesahau.

Jumanne mvua ilinyesha toka asubuhi hadi usiku. Nilishinda katika maktaba ya Chester Beatty, nyuma ya ngome ya Dublin, nayo ni bure. Wana msahafu ulioandikwa Baghdad karibu mwaka 1000 kwa mkono wa Ibn al-Bawwab, kila mstari umetulia kama shamba lililopimwa kwa kamba. Ukipata mvua, nenda pale.

Jumatano 9 Oktoba: Newgrange

Binti alikuwa mapumziko. Mwenzake wa wodini, kijana wa Bukavu, alitupeleka kwa gari lake. Kiswahili chake ni cha Kongo, ananiita Papa, nami nilimwelewa vizuri mpaka alipoanza kusimulia mpira. Newgrange ni kaburi la kale, kama kilomita 50 kaskazini mwa Dublin. Kata tiketi mapema, kwa sababu gari lako haliendi kaburini: unaegesha kwenye kituo cha wageni, unavuka mto Boyne kwa daraja la miguu, kisha basi lao linakupeleka. Ukichelewa basi lako, nafasi imekwenda.

Kaburi lina zaidi ya miaka 5,000, ni la kale kuliko piramidi za Giza. Ni kilima cha mviringo chenye upana wa mita 85, kimezungushiwa mawe makubwa 97, mengine yamechorwa mizunguko. Ukuta mweupe wa mbele ulisimamishwa upya baada ya uchimbaji wa miaka ya 1960 na 1970, na wenyewe wanabishana kama ulikuwa hivyo. Mimi, kwa macho yangu, naona umenyooka mno.

Ndani ni njia ya mita 19. Wenye tumbo wanapita kiubavu. Mwisho wake kuna chumba, na paa lake ni mawe yaliyopandishana hadi juu bila saruji, na halijavuja tangu lijengwe. Mawe yamechongwa mifereji ya kuondoa maji. Paa langu la bati lina miaka kumi na moja na ndoo tatu chini yake.

Juu ya mlango kuna tundu la mraba. Asubuhi ya siku fupi kuliko zote, karibu na Desemba 21, jua likichomoza mwanga unapita tunduni, unatambaa sakafuni hadi chumbani, unakaa dakika 17, unaondoka. Profesa Michael O'Kelly aliushuhudia Desemba 1967. Siku hizi wanaotaka kuingia siku hizo majina yao yanachezeshwa bahati nasibu. Sisi kiongozi alizima taa, akawasha ya kuigiza. Ulikuja mstari mwembamba wa rangi ya asali. Hakuna aliyekohoa. Waliojenga walikuwa wakulima, na mkulima asiyejua msimu unageuka lini amekwisha.

Picha ndani haziruhusiwi, kwa hiyo mtaniamini.

Njiani kurudi kijana wa Bukavu aliniuliza kama nitafika makaburi ya Glasnevin. Nikasema ndiyo, keshokutwa. Akasema, "Papa, ukifika kwa Casement, umwambie aksanti."

Alhamisi 10 Oktoba: Strokestown

Hii ndiyo siku niliyoijia, ila nilikuwa sijui.

Basi la Bus Éireann namba 22 kutoka kituo kikuu cha mabasi Dublin linapita Longford hadi Strokestown, mji wa barabara moja pana katika jimbo la Roscommon. Mwendo ni karibu saa tatu. Kando ya mji kuna jumba la mwenye ardhi, na ndani ya viwanja vyake makumbusho ya taifa ya njaa kuu.

Jumba kwanza. Jikoni kuna roshani ya juu: mama mwenye nyumba alisimama pale akamdondoshea mpishi karatasi ya vyakula vya wiki nzima, asiteremke kwenye moshi. Na kuna njia ya chini ya ardhi waliyopita watumishi, wageni wasiwaone wakivuka uwanja.

Kisha makumbusho. Kumbe yameanzia kwenye bahati. Mwaka 1979 mfanyabiashara wa hapo hapo, Jim Callery, alinunua shamba hili kwa ajili ya biashara yake ya malori. Alipopekua ofisi ya zamani alikuta makaratasi, maelfu kwa maelfu, na miongoni mwake barua ya wapangaji wa Cloonahee ya Agosti 1846, wakimweleza mwenye ardhi kwamba familia zao zinateseka na hawawezi kuvumilia zaidi vilio vya watoto. Callery aliiacha ile nyumba isibomolewe. Makumbusho yalifunguliwa 1994.

Sasa niwaeleze kama bwana shamba. Ugonjwa wenyewe ni bakajani chelewa, ule ambao wakulima wetu wanauita ukungu tu. Jani linapata doa kama limemwagiwa maji ya moto, chini yake unga mweupe, na baada ya siku chache shamba zima linanuka. Unapenda baridi na unyevu, yaani Ayalandi, yaani Njombe. Sisi tuna dawa ya kupulizia. Wao mwaka 1845 hawakuwa na kitu: mchanganyiko wa mrututu na chokaa uligunduliwa miaka ya 1880. Tena maskini walipanda karibu aina moja tu, Lumper, na kiazi hupandwa kwa kiazi, hivyo shamba la jirani ni pacha wa shamba lako. Anachoumwa mmoja wanaumwa wote. Mwaka wa kwanza walipoteza sehemu ya mavuno. Wa pili, karibu yote. Wa tatu, 1847, ugonjwa ulipungua na viazi vilivyopandwa vilizaa vizuri, lakini vilivyopandwa vilikuwa vichache.

Walikuwa wamekula mbegu.

Hapo nilikaa kwenye benchi. Nimewahi kukuta nyumba ambayo mama amechemsha mbegu, mara mbili katika kazi yangu yote, na sikuwa na la kumwambia.

Haikuwa ukungu peke yake. Nafaka na ng'ombe ziliendelea kupandishwa melini kwenda Uingereza, na kodi iliendelea kudaiwa. Mei 1847 mwenye shamba, Denis Mahon, alipiga hesabu akaona ni nafuu kuwalipia watu nauli kuliko kuwalisha. Watu 1,490 walitembea kando ya mfereji hadi Dublin, msimamizi akiwasindikiza ahakikishe wamepanda. Kutoka hapo Liverpool, kisha Quebec. Wengi sana walifia baharini au walipofika. Novemba mwaka huo huo Mahon alipigwa risasi njiani. Nchi ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841. Miaka kumi baadaye walikuwa milioni 6 na nusu.

Nilitoka na kichwa kizito, nikakuta nimesoma ratiba ya basi kwenye safu ya Jumamosi. Basi langu lilikuwa limepita. (Piga picha ratiba, na mpe mwenye macho mazuri aisome.) Mvua ikaanza. Dada wa dukani alinipa kiti na chai, akatoka nje kuzungumza na mzee mmoja aliyekuwa anapakia magunia kwenye pikapu. Mzee akaja: anakwenda Longford, kuna treni, nipande.

Ni kilomita ishirini na kidogo, na tuliongea viazi njia nzima. Kiingereza chake cha mbio nilikipata nusu, ya viazi nilipata yote. Analima Rooster, wenye ganda jekundu, waliozalishwa na watafiti wao. Bado anapuliza dawa ya ukungu, na idara yao ya hali ya hewa hutangaza redioni siku ambazo ugonjwa unaweza kushuka. Nilimwomba arudie. Redioni! Ningekuwa na tangazo hilo miaka ya tisini, ningeokoa nusu ya kata. Nilimwambia kwetu kuna mbegu wakulima wameiita Obama. Alicheka mpaka akapunguza mwendo, akasema barabara ya kwenda Limerick wana kituo cha mafuta chenye jina hilo hilo.

Pesa ya mafuta alikataa. Alipanda nyuma ya pikapu, akachagua viazi vitatu, akanipa mkononi kama mtu anavyotoa mayai.

Ijumaa 11 Oktoba: Glasnevin na gatini

Bustani ya taifa ya mimea ya Glasnevin ni bure, na imepakana na makaburi. Agosti 1845 msimamizi wake, David Moore, ndiye aliyeandika kwanza kwamba ukungu umeingia Ayalandi: aliuona kwenye viazi vya bustani hiyo hiyo. Nilizunguka nyumba za vioo nikimfikiria. Kila bwana shamba anaijua asubuhi hiyo, unageuza jani, unaona ule unga mweupe, na bado hujamwambia mtu.

Kaburi la Roger Casement liko karibu na lango, bamba la kawaida. Akiwa balozi mdogo wa Uingereza alisafiri mto Kongo mwaka 1903, na ripoti yake ya 1904 ilianika mikono iliyokatwa na vijiji vilivyohamwa kwa sababu ya utomvu wa miti ya mpira aliouza Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Waingereza walimpa heshima, na Agosti 1916 wakamnyonga London kwa kujaribu kuwaletea Waayalandi silaha za Wajerumani. Mwili ulirudishwa nyumbani 1965. Hapakuwa na mtu karibu, nikatoa salamu kama nilivyotumwa, kwa Kiswahili cha Bukavu.

Jioni binti alitoka kazini, tukashuka hadi gati la Custom House, kando ya mto Liffey. Kuna sanamu za shaba za Rowan Gillespie za mwaka 1997: watu wembamba kuliko fito wanatembea kuelekea melini, mmoja amebeba mtoto mabegani, mbwa anafuata nyuma. Wale 1,490 waliishia sehemu hizi kwa miguu. Watu wa ofisini wanapita katikati yao wakiongea na simu.

Binti aliziangalia muda mrefu. Nikajiandaa kusema neno la baba.

"Mimi nilikuja na kilo 46, Baba," akasema, "na mkataba." Akanivuta mkono, kulikuwa na baridi.

Kwa mizigo: chai yao ni nzito na wanainywa na maziwa kama sisi. Binti alinifungia pakiti mbili za kumpelekea mama. Nikasoma nyuma: majani ya Kenya na Rwanda. Tumeyasafirisha tena hadi Njombe, kwenye mashamba ya chai.

Vile viazi vitatu sikuvifunga. Vilikuwa safi, macho yamejaa, vingeota vizuri sana kwenye kinyungu changu, na binti akasema hakuna atakayeviona ndani ya soksi. Lakini kiazi kinabeba ugonjwa usiouona, na mimi ndiye niliyewaambia watu hivyo kwa miaka thelathini na nne. Usiku ule tuliviosha, tukavichemsha na ganda, tukavila na chumvi na siagi, tukisimama jikoni. Kimoja kilipasuka chenyewe, kikavu kama unga.